Robe za zamani katika sinema: nani alizishona?

Wakati wa ndoa vijana wanamuletea mushonaji picha kwenye telefone: «Nataka robe kama ya ule mwanamuke wa Titanic.» Ni robe ya kupendeza, hakuna mutu wa kukatala. Lakini tujue kwanza ni robe gani, kisha tujue ni mikono gani iliyoshona nguo za wakati ule.

Robe za zamani si za namna moja. Filimu Autant en emporte le vent, ya mwaka 1939, inaonyesha Marekani wakati wa vita ya 1861 mpaka 1865. Fundi Walter Plunkett alimuvalisha Vivien Leigh jupe pana sana. Zamani zile jupe ya namna hii ilisimama juu ya kizimba cha mapete ya chuma. Inakula metre nyingi za kitambaa, na mulango mudogo ni shida kupita.

Titanic, filimu ya 1997, inaonyesha mwaka 1912. Pale jupe imekwisha kuwa nyembamba, na mukanda umepanda karibu na kifua. Deborah L. Scott alipata Oscar juu ya nguo zile. Mwenye franga kidogo achague hii ya pili: kitambaa ni kidogo, na dantele inaweza kuwekwa tu kwenye shingo na mikono.

Katika ile filimu kuna pahali mama ya Rose anamufunga mutoto wake korse. Anavuta kamba, huku anamukumbusha kama franga za nyumba zimekwisha, lazima aolewe na tajiri. Robe nzuri inafunika madeni. Na chini kabisa ya merikebu, wanaume wanatupa makaa katika moto. Sisi watu wa mine tunawajua wale: bila jasho yao, juu hakuna mutu wa kucheza dansi.

Na washonaji je? Hao sinema haiwaonyeshi. Miaka ile, kule New York, wasichana wahamiaji, wengi Wayahudi na Waitalia, walikuwa wanashona blouse za wanawake katika usine. Mwaka 1909, washonaji karibu 20 000 walifanya greve juu ya mushahara, saa za kazi na sendika. Mapatron wengi walikubali kupatana na sendika. Wale wa usine ya Triangle walikatala.

Tarehe 25 Machi 1911, moto uliwaka Triangle, kwenye etaji ya 8, ukapanda mpaka ya 9 na ya 10. Kwenye etaji ya 9, mulango mumoja ulikuwa umefungwa na ufunguo. Ngazi za wazima-moto zilikuwa fupi, hazikufika. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana. Ni kisha pale ndipo serkali ya New York iliandika sheria nyingi juu ya milango, ngazi na kuzima moto katika usine.

Mutu wa mine hana lazima ya kufasiriwa maana ya njia ya kutokea.

Kwa hiyo, mwenye kupeleka kitambaa kwa mama mushonaji wa quartier, wapatane bei mbele, amulipe avance, na siku ya kuchukua robe amalizie yote. Dantele ni kazi ya siku nyingi, na macho yanauma. Na mwenye atelier asifunge mulango na ufunguo wakati watu wanatumika ndani, hata kama anaogopa wezi. Robe ya ndoa inavaliwa siku moja. Mushonaji anapashwa kurudi kwake kila siku.