Mtoto Akipiga Makofi, Hesabu Naye

Wazee wengi katika jamaa zetu hapa Uingereza wana lalamiko moja: mtoto kapelekwa skuli, na kila akiulizwa kafanya nini, hujibu kacheza. Sisi tuliosoma chuoni, kisha sekondari, tulizoea kuwa mchezo ni mambo ya baada ya laasiri.

Lakini huku England utaratibu wa serikali ulioanza mwaka 2008 unataka watoto wasiotimia miaka mitano wafunzwe kwa mchezo, na leo sanaa, pamoja na muziki, ni fungu moja katika mafungu saba ya mafunzo yao. Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Mombasa, katika miaka ya 1980, zilianzishwa skuli za watoto wadogo katika madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, zikafuata Unguja na Uganda, na vifaa vyake vingi vilikuwa vitu vya kuokotwa: vifuu, makombe, vifuniko vya chupa.

Sasa niseme ninalolijali zaidi, nalo ni lugha yetu. Mchukue mjukuu wako wa miaka minne, mwambie apige makofi kwa kila sauti ya neno. "Machungwa" ni makofi matatu, hapana taabu. Mpe "mtoto". Aliyelelewa na Kiswahili atapiga matatu, kwa kuwa ile "m" ya mwanzo husimama peke yake. Aliyezoea Kiingereza tu aghalabu atapiga mawili. Hukumuuliza swali lolote, na umeshajua sikio lake liko wapi.

Kisha mpe kopo apige kama ngoma, kishindo kikubwa kiangukie pale sauti inapokazwa. "Kupika" kishindo ni kwenye "pi". "Kupikia" kimehamia kwenye "ki". Mtoto anayehamisha mkono bila kuambiwa ameshaijua kanuni ambayo wengine tulifundishwa ukubwani kwa vitabu.

Hesabu nayo imo. Katika mdako, jiwe likiwa juu, mtoto huzoa kete shimoni, akazirudisha zote ila moja. Duru ya pili abakishe mbili. Huko ni kutoa na kugawa, tena kwa haraka. Na wale wanaopikapika mchangani, wape kibaba na pishi (kopo mbili zitafaa, kubwa ikiwa mara nne ya ndogo) waone wenyewe kuwa pishi hujaa kwa vibaba vinne.

Yupo mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu Kiingereza siku zote. Huyo msimlazimishe mbele ya wageni. Msikilizeni akiwa peke yake anamlaza mwanasesere wake; mara nyingi maneno ya bibi hutoka hapo, pamoja na sauti ya bibi na ukali wake. Akikosea neno, mwacheni kwanza amlaze mwanawe.