Barua za Bibi Katika Ndoa Yenye Nyufa

Binti wa Mombasa aliyeolewa Migori au Homa Bay, ndoa ikiingia nyufa, mama yu mbali: safari ya basi, usiku na mchana. Ndipo hufunguliwa sanduku la barua za bibi, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Asimpe jirani amsomee. Siri za ndoa ni amana. Aliyehitimu Qur'ani aweza kuzifumbua mwenyewe, ingawa herufi ba huenda ikawa pa, au hata mba, na hapo yataka subira.

Faraja iliyomo si ndogo: bibi naye alinuniwa, akanyimwa masurufu, akalia. Mwana Kupona, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, wasia kuhusu unyumba.

Lakini neno "vumilia" lisisomwe kuwa idhini ya kipigo. Surat An-Nisaa, aya ya 35, yaagiza mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Wakishindwa, Katiba ya 2010 imempa Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu. Na mjomba aliye pwani, kwa maoni yangu, asikilizwe hata kwa simu.