Lini Ugonjwa wa Ngozi Unahitaji Maabara

Magonjwa mengi ya ngozi hutambuliwa kwa macho, kwa vidole na kwa maswali mazuri. Kipimo huagizwa pale ambapo majibu yake, yakiwa chanya au hasi, yatabadilisha tiba, au pale ambapo kukosea kutamgharimu mgonjwa kiungo au maisha. Kwa mkulima wa Kibondo au Kasulu, ambaye nauli ya hospitali na gharama ya kipimo hutoka mfuko mmoja, kanuni hiyo ina uzito zaidi.

Upele ni mfano ulio wazi. Husambaa haraka penye msongamano, na wilaya hizi zimekuwa na kambi kubwa za wakimbizi: Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta iliyoko Kibondo. Muwasho unaozidi usiku, vipele kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na sehemu za siri, na wengine nyumbani kujikuna, vinatosha kuanza tiba. Mgonjwa wa kawaida hubeba wadudu 10 hadi 15 tu mwili mzima, hivyo magamba yaliyokwanguliwa yanaweza yasiwe na mdudu hata mmoja. Jibu la "hakuna kilichoonekana" haliondoi upele. Tena, anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na ndiyo maana nyumba nzima hutibiwa siku moja. Funza naye, mwenye kidoa cheusi katikati ya uvimbe mweupe, hahitaji maabara.

Ukoma unahitaji pamba kabla ya darubini. Mgonjwa huonyeshwa kinachofanyika, kisha hufumba macho na kugusa kwa kidole kila mahali anapohisi ncha ya pamba. Akihisi kwenye ngozi nzima lakini asihisi ndani ya baka, huo ni ukoma. Mishipa ya fahamu, hasa ule wa nyuma ya kiwiko, hupapaswa pia kuona kama imenenepa. Sampuli ya ndewe ya sikio husaidia wenye mabaka mengi. Mwenye baka 1 hadi 5 mara nyingi haonyeshi bakteria kabisa, na kumnyima dawa kwa sababu ya jibu hasi ni kumwachia ulemavu. Dawa hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na wingi wa mabaka.

Kwa fangasi, choa chenye ukingo ulioinuka hutibiwa moja kwa moja. Hali hubadilika mgonjwa akiwa ameshapaka krimu ya steroidi ya dukani, ambayo hufuta sura ya ugonjwa huku fangasi wakiendelea kukua, au kucha zikiwa zimeharibika na zinahitaji vidonge vya miezi kadhaa. Hapo magamba hukwanguliwa ukingoni mwa baka au chini ya ukucha, hudondoshewa potasiamu haidroksaidi, na nyuzi za fangasi hutafutwa kwa darubini. Ni kipimo rahisi kinachostahili kutumika zaidi ya ilivyo sasa.

Wakati mwingine ngozi hudai kipimo cha damu. Mkanda wa jeshi kwa kijana, au vipele vya muwasho visivyokwisha, humpeleka mgonjwa kwenye kipimo cha VVU. Vipele vya viganjani na nyayoni, kwenye kipimo cha kaswende. Na tangu Burundi itangaze mpox Julai 2024, na Tanzania kuthibitisha wagonjwa wake wa kwanza Machi 2025, malengelenge yenye homa na mitoki katika wilaya hizi za mpakani mwa Burundi hayaachiwi macho pekee: sampuli ya kidonda hupelekwa kwenye kipimo cha vinasaba, na mgonjwa hutengwa wakati majibu yakisubiriwa.

Kipimo kisichopaswa kuahirishwa, hasa kwa wenye ualbino, ni cha kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi kinachokatwa ili kichunguzwe. Kituo cha Kabanga, Kasulu, kimewahifadhi watoto wenye ualbino tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na kwao jua ni hatari ya kila siku. Kidonda usoni, sikioni au shingoni mwa mtu mwenye ualbino kisichopona kwa wiki kadhaa hukatwa kinyama, kwa kuwa saratani ya ngozi ikiwahiwa huondolewa kwa upasuaji mdogo. Kinyama huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, iliyo angalau mara kumi ya ujazo wake, pamoja na jina la mgonjwa na mahali kilipotoka. Kikiwekwa kwenye maji matupu huoza njiani, na mgonjwa hulazimika kukatwa tena.