Mwacheni kijana apate namba kwanza

Kikosi cha Taifa Stars kinapotangazwa, mjadala haukai Dar es Salaam. Unapanda hadi Tukuyu, unazunguka vijiwe vya bodaboda na vibanda umiza, unafika Kinyala kwenye migomba na mashamba ya chai kabla ya jua kuzama. Jina la kijana anayecheza Ulaya likikosekana kwenye orodha, maelezo huwa mawili tu: ama kocha ana lake jambo, ama kijana amelewa Ulaya na kuisahau nchi iliyomlea. Naona yote mawili yanapotosha. Mchezaji ambaye ndiyo kwanza ametoka nje ya nchi, hajafikisha miaka 22 na bado hana namba ya uhakika kwenye klabu yake, anastahili kuachwa kwenye mechi za kirafiki na kuitwa pale tu panapogombewa pointi, tena kwa makubaliano yanayojulikana mapema. Akilelewa hivyo, nchi itamtumia kwa miaka kumi. Akiitwa kila mara kwa sababu tu jina lake linauza magazeti, huenda tukamtumia miwili.

Tuanze na hili la uzalendo, maana ndilo linalopandisha watu hasira. Swali la uzalendo lina maana kwa mchezaji mwenye nchi mbili za kuchagua. Yussuf Poulsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1994, mama Mdenmark na baba Mtanzania aliyefariki mwanawe akiwa bado mdogo. Poulsen aliichagua Denmark, akaifungia bao dhidi ya Peru katika Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi, na mgongoni alikuwa amevaa jina la Yurary, jina la upande wa baba yake. Mtu akitaka kubishana kama alichagua vema au vibaya, abishane. Palikuwa na uamuzi wa kweli wa kujadili. Lakini kijana aliyezaliwa Kinyala, akasoma huko, akacheza UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na kuonekana huko, hana nchi ya pili ya kuichezea. Taifa Stars ndiyo timu yake ya taifa pekee, leo na kesho. Kumpima uzalendo kila dirisha la FIFA ni kumtungia mtihani usio na jibu jingine. Kinachohitaji kuamuliwa ni lini aje na aje kwa kazi gani.

Kanuni za FIFA zimelitazama jambo hili kwa karibu kuliko tunavyodhani. Klabu inalazimika kumwachia mchezaji kwenye tarehe za kalenda ya kimataifa kwa timu ya wakubwa, mradi shirikisho liwe limetoa taarifa kwa maandishi angalau siku 15 kabla. Mchezaji akiitwa na asiende, shirikisho linaweza kusababisha azuiwe kuichezea klabu yake katika kipindi hicho pamoja na siku tano za ziada. Mashindano ya vijana, yaani U-17 na U-20, hayamo kwenye ulazima huo, na klabu ina haki ya kusema hapana. Ipo pia bima: mchezaji akiumia akiwa na timu ya taifa ya wakubwa na kukaa nje zaidi ya siku 28, FIFA huifidia klabu mshahara wake hadi kiwango kilichowekwa. Utaratibu mzuri, hakuna ubishi. Ila fidia hiyo inalipa mshahara, hailipi namba. Wakati kijana anauguza goti, mwenzake wa miaka 19 kutoka Ghana au Ureno anakuwa ameshaingia kikosini, na hakuna kifungu cha FIFA kitakachomtoa.

Chukua Septemba 2024. Taifa Stars ilicheza na Ethiopia Dar es Salaam Jumatano ya tarehe 4, ikatoka suluhu, kisha Jumanne ya tarehe 10 ikacheza na Guinea huko Yamoussoukro, Ivory Coast, na kushinda 2-1 kwa mabao ya Feisal Salum na Mudathir Yahya. Ushindi ule ulitusaidia kufuzu AFCON, na sina la kuulaumu. Sasa utazame kwa macho ya kijana anayecheza kaskazini mwa Ulaya. Jumapili yuko na klabu, Jumatatu anapanda ndege, anabadilisha ndege mara moja au mbili, Jumanne anatua Dar kwenye joto na mwili mzito, na Jumatano ndiyo mechi. Siku chache baadaye anavuka bara zima kwenda Afrika Magharibi. Akicheza, dakika chache. Usiku wa Jumatano au Alhamisi ndipo anarudi alikotoka, na Ijumaa kocha wa klabu anapanga kikosi cha wikiendi akiwatazama vijana waliofanya mazoezi mbele yake siku kumi mfululizo. Mkongwe mwenye namba haoni shida. Jina lake limeshaandikwa. Kijana anayeigombea anakuwa amerudi nyuma. Na kuanzia mwaka huu wa 2026, FIFA imeunganisha madirisha ya Septemba na Oktoba kuwa moja la mechi nne. Safari zitapungua, lakini kutokuwapo klabuni kutarefuka hadi zaidi ya wiki mbili kwa mkupuo.

Njia ya kijana kutoka hapa hadi kikosi cha kwanza Ulaya ni ndefu kuliko picha za utambulisho zinavyoonesha. Kelvin John alikuwa nyota wa Serengeti Boys kwenye AFCON ya U-17 iliyofanyika Dar es Salaam Aprili 2019. Tulipoteza mechi zote tatu, ikiwamo ile ya 5-4 na Nigeria, lakini mitaani kijana tayari alikuwa ameshapewa jina la Mbappe. Kwa kuwa FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa sababu chache, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, alipitia kwanza Brooke House, chuo cha Uingereza chenye programu ya soka, na Genk ya Ubelgiji ikamsajili Juni 2021 alipofikisha umri huo. Akakuta wengi wakimtarajia awe wa pili baada ya Mbwana Samatta, Mtanzania aliyetamba Genk kabla yake. Miaka iliyofuata aliitumia zaidi katika Jong Genk, timu ya vijana ya klabu hiyo, kuliko kikosi cha kwanza, hadi mwaka 2024 alipohamia Aalborg ya Denmark. Hakuna aibu humo. Ndivyo vijana wengi wa Ulaya kwenyewe wanavyopikwa. Aibu ni yetu tuliotaka matunda mapema. Mkulima wa chai wa Rungwe hauchumi mche mchanga kila wiki. Kwanza anaukata na kuutengeneza upanuke, akijua kwamba miaka hiyo ya kungoja ndiyo itakayomlipa baadaye.

Hapa nitaambiwa: mbona Samatta aliweza vyote viwili? Aliweza, na jinsi alivyoweza inaunga mkono hoja yangu. Mbwana Samatta alitoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akakaa Lubumbashi hadi akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015 akiwa mmoja wa wafungaji vinara kwa mabao saba. Alipofika Genk Januari 2016 alikuwa na miaka 23, amekomaa, na Januari ileile alikuwa ametawazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Namba aliifuata akiwa na wasifu mkononi. Kulinganisha hali hiyo na ya kijana wa miaka 19 anayeanza na timu ya akiba ni kuonea.

Wengine husema kuichezea nchi ndiko kunakompandisha mchezaji bei, kwa hiyo asiyeitwa anapoteza soko. Kuna ukweli ndani yake, hasa kwa anayetoka ligi ya nyumbani na anahitaji kuonekana. Kwa aliye Ulaya tayari, hesabu hubadilika. Samatta alipokwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni za vibali vya kazi za Uingereza zilimpa njia ya moja kwa moja mchezaji wa nchi iliyomo katika 50 bora za FIFA, akiwa amecheza asilimia fulani ya mechi za taifa lake. Sisi tulikuwa nje hata ya 100. Angeichezea Taifa Stars kila mechi bila kukosa, njia hiyo isingemfungukia kwa idadi ya mechi peke yake. Kilichomfikisha ni kazi ya klabuni: mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19 Genk ikitwaa ubingwa wa Ubelgiji, na bao la kichwa Anfield dhidi ya Liverpool, Novemba 2019. Miezi minne baadaye alikuwa Wembley akiifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi. Heshima ya Tanzania siku ile ililetwa na jezi ya klabu.

Pingamizi la Tukuyu lenyewe lina uzito wake, kwa sababu watu wa huku wana kumbukumbu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala, walipanda daraja na kutwaa ubingwa wa Tanzania msimu uleule wa kwanza. Kisha Simba na Yanga wakaja na fedha, kikosi kikamegwa, na mwaka uliofuata bingwa akashuka. Mwenye kumbukumbu hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini leo tuinamie matakwa ya klabu za Ulaya, wakati tunajua klabu kubwa hula bila kunawa. Jibu langu ni kwamba nampigania mchezaji. Genk na Aalborg wana wanasheria wao. Zaidi ya hapo, tofauti na 1987, sasa kuna kanuni inayorudisha kitu nyumbani. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Klabu iliyomsajili tangu miaka 12 hadi 15 hupata asilimia moja ya ada yote: kwa mauzo ya euro milioni moja, ni euro 10,000. Kwa klabu ya wilayani hizo ni mipira, viatu na nauli za misimu kadhaa. Lakini fedha hizo hutoka pale mchezaji anapouzwa, na anauzwa akiwa anacheza. Mechi ya kirafiki iliyomkosesha namba imeinyima Kinyala kitu, ingawa hakuna atakayeiona hasara hiyo kwenye msimamo wa ligi. (Na ni kweli vilevile kwamba klabu isiyosajiliwa, isiyo na kumbukumbu za wachezaji wake, haitapata hata senti. Hilo halihusu Ulaya. Linahusu chama cha soka cha wilaya.)

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwaka 2027. AFCON inakuja kwetu, tukiiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na timu haijengwi kwa wachezaji kukutana uwanja wa ndege. Nakubali. Mchezaji asiyewajua wenzake hukimbia peke yake. Ila tazama Morocco, kwenye AFCON iliyoanza Desemba 2025, ambako tulivuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu, kwa pointi mbili, kabla ya wenyeji kututoa kwa bao moja. Mabao yetu ya makundi yalikuwa matatu: Charles M'Mombwa, aliyekulia Australia, dhidi ya Nigeria, Simon Msuva dhidi ya Uganda, Feisal Salum dhidi ya Tunisia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa chini ya miaka 25. Walioibeba nchi walikuwa wameshakomaa klabuni, wawili wakiwa wanacheza nje na mmoja nyumbani. Kama tunawataka wa namna hiyo zaidi mwaka 2027 na baada yake, ni lazima mtu awaache wakomae. Na kuzoeana kuna wakati wake. Juni ligi nyingi za Ulaya huwa zimemaliza msimu. Kambi ya mwezi huo haimnyang'anyi kijana chochote zaidi ya likizo, na hilo anaweza kuombwa bila mtu kuona haya.

Sisemi kijana apewe uhuru wa kuchagua mechi kama nyanya sokoni Tukuyu. Wapo watakaojificha nyuma ya klabu, na wapo mawakala watakaomshauri mchezaji asije hata kwenye mechi ya kufuzu kwa kuwa kuna dili mezani. Ndiyo maana nataka makubaliano: TFF, benchi la ufundi, klabu na mchezaji wakae mwanzoni mwa msimu, waandike mechi zipi ni za lazima na zipi anasamehewa, na msamaha ukome pale anapopata namba. Kisha kocha atangaze kikosi na kusema wazi nani amesamehewa na kwa nini. Ukimya wa shirikisho ndio unaozaa maneno ya chuki na usaliti.

Kwa hiyo orodha ijayo ikitoka bila jina la kijana mnayemfuatilia, kabla hamjamwita msaliti ulizeni jambo moja: mwezi uliopita klabu yake ilimpa dakika ngapi uwanjani? Kama ni chache, mwacheni huko alipo azitafute.