Stima ikipotea, mashine yako itajua ilipo? Sumaku ndogo inatosha

UMEJIFUNGIA chumbani wiki tatu. Reli umezitoa kwenye printa iliyokufa, mota umezinunua moja moja kila ukipata hela, na bodi ya Arduino uliazima kwa rafiki. Leo mashine yako ya kuchonga mbao inafanya kazi ya kwanza ya kulipwa: kibao cha kinyozi wa mtaani. KINYOZI, herufi saba. Tano zimetoka safi kabisa, zimebaki mbili.

Mara stima inapotea.

Baada ya robo saa inarudi. Unawasha kompyuta, unaiambia mashine iendelee palipobaki. Kumbe kwenye lile giza uliigusa meza ikasogea kidogo, na wewe hukutambua. Kisu kinashuka milimita tatu kando na kuikata ile O uliyoisifu dakika chache zilizopita. Mbao ni yako, hasara ni yako, na mteja anakuja jioni.

Usiilaumu stima peke yake. Mashine yako haikujua ilipo, na hilo ni jambo unaloweza kulitatua wewe mwenyewe kwa sumaku ndogo na kijidude cha miguu mitatu ambacho bei yake ni makumi ya shilingi tu, si maelfu.

Mashine inayotembea gizani

Mota nyingi tunazotumia kwenye mashine ndogo za kujiundia ni mota za hatua. Hazizunguki tu ovyo kama mota ya feni. Aina iliyozoeleka hupiga hatua 200 kukamilisha mzunguko mmoja. Ukiiunganisha na skrubu ndefu inayosogeza meza milimita 8 kwa kila mzunguko, basi hatua 25 ni sawa na milimita moja.

Sasa sikiliza hapa. Bodi yako huhesabu hatua ilizoagiza. Haijui kama hatua hizo kweli zilipigwa. Kisu kikikwama kwenye fundo la mbao na mota ikaruka hatua kumi, hesabu inaendelea tu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ni kama mtu anayetembea chumbani gizani akihesabu hatua kutoka mlangoni. Ukimsukuma kidogo, ataendelea kuhesabu kwa imani yake yote hadi agonge kabati. Anachohitaji ni kurudi mlangoni, apapase kizingiti, kisha aanze hesabu upya. Kwa mashine, kizingiti hicho ndicho tunachokiita sufuri, na kinachokipapasa ni kihisi.

Utaniuliza, kwani swichi ya kawaida ya kubonyezwa ina ubaya gani? Haina ubaya, na wengi huanza nayo. Lakini kiwiko chake hupinda, na vumbi la mbao huingia ndani. Kihisi cha mwanga nacho hufunikwa na vumbi hilohilo kikawa kipofu. Sumaku haijali. Nguvu yake hupita kwenye vumbi, mbao, plastiki na hata alumini bila shida, na hakuna kinachogusana wala kusuguana.

Mwanafunzi aliyetangulia

Jambo hili si geni. Mnamo 1879, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwanafunzi wa uzamifu kwa jina Edwin Hall alipitisha mkondo wa umeme kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu, kisha akaiweka karibu na sumaku yenye nguvu. Akagundua volteji ndogo imejitokeza kutoka upande mmoja wa karatasi hadi wa pili, ikikata njia ya mkondo. Sumaku ilikuwa imeusukuma umeme kando.

Kumbuka kwamba wakati huo elektroni yenyewe ilikuwa haijagunduliwa. Hilo lilikuja 1897, miaka 18 baadaye.

Leo karatasi ile ya dhahabu imebadilishwa na kipande kidogo cha silikoni. Kimo kwenye simu inayozima kioo unapofunga kifuniko chenye sumaku. Kimo kwenye feni ya kompyuta. Na boda boda za umeme unazoona zikipita kimya barabarani, mota zake nyingi zina vihisi vitatu vya Hall ndani, vinavyoiambia bodi mota iko pembe gani ili ijue isukume wapi.

Jaribio la kwanza: taa tu

Kabla ya kugusa mashine, fanya jaribio hili mezani. Ukienda Luthuli Avenue jijini Nairobi, au duka lolote la vipuri vya elektroniki, ulizia kihisi cha Hall aina ya A3144. Nunua viwili vitatu, maana cha kwanza huenda ukakichoma. Ongeza taa ndogo ya LED, resista ya omu 330 na ya kilo-omu 10, na nyaya chache.

Sumaku unaweza kuipata bure. Ile ya ndani ya spika mbovu inafaa kwa majaribio. Ya ndani ya diski kuu ya kompyuta ya zamani ina nguvu zaidi, lakini angalia vidole, itakubana vibaya.

Shika kihisi ili maandishi yakutazame wewe, miguu ikielekea chini. Mguu wa kushoto ni wa volti 5. Wa katikati ni wa hasi. Wa kulia ndio unaotoa jibu. Umeme wa volti 5 utautoa kwenye Arduino au chaja ya simu. Hapa hatuchezi kabisa na stima ya ukutani.

Mguu mrefu wa LED uende kwenye volti 5. Mguu mfupi uupitishe kwenye ile resista ya omu 330, kisha uingie kwenye mguu wa kulia wa kihisi. Sogeza sumaku karibu na uso wenye maandishi. Isipowaka, igeuze. A3144 hukubali upande mmoja tu, ncha ya kusini. Ikiwaka, ukiiondoa sumaku taa inazima.

Basi umeshaunda kihisi. Mengine yote ni kutafuta mahali pa kukifunga.

Hebu cheza nacho kidogo. Utaona kwamba sumaku inawasha taa ikiwa karibu kiasi fulani, lakini taa haizimi mpaka uirudishe mbali kidogo zaidi. Si kasoro. Kimeundwa hivyo makusudi ili kisiwe kikiwaka na kuzima ovyo kikiwa mpakani. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Utaona pia kwamba nguvu ya sumaku hupungua haraka sana. Kwa sumaku ndogo, ukishakuwa mbali nayo kiasi, kuongeza umbali mara mbili huacha karibu thumuni ya nguvu, yaani moja kwa nane. Kwa hivyo nafasi kati ya sumaku na kihisi isibadilikebadilike.

Kukifunga kwenye mashine

Gundisha kihisi kwenye fremu isiyosogea, na sumaku kwenye sehemu inayotembea. Waya hautapindwapindwa kila siku hadi ukatike. Acha nafasi ya milimita 2 au 3 kati yao, kisha sogeza meza kwa mkono ukihakikisha hazigongani.

Mguu wa jibu sasa uende kwenye pini ya Arduino badala ya LED. Weka ile resista ya kilo-omu 10 kati ya mguu huo na volti 5. Kazi yake ni kuishikilia pini juu wakati sumaku haipo. Bila hiyo, pini inaning'inia hewani na itasoma uongo.

Kwenye programu, mpangilio ni huu: meza iende kwa kasi ya wastani mpaka kihisi kijibu. Irudi nyuma milimita chache. Ikaribie tena, safari hii polepole sana. Kihisi kikijibu mara ya pili, hapo ndipo sufuri. Daima ikaribie kutoka upande uleule, maana tumeona kwamba mahali pa kuwaka na mahali pa kuzima si pamoja.

Ukitumia GRBL, ile programu ya bure ya Arduino Uno, kazi hii imeshaandikwa. Unaiwezesha kwa kuandika $22=1, halafu kila ukitaka mashine irudi nyumbani unaandika $H. Ila tahadhari: kwa kawaida GRBL hutarajia vihisi kwenye mihimili yote mitatu, na huanza na ule wa kupanda na kushuka. Ukiwa na viwili tu, itabidi ubadilishe mipangilio ndani ya programu.

Usiamini neno langu wala la muuzaji. Rudisha mashine nyumbani mara kumi, na kila mara ichome kitundu kwenye kadibodi mahali pamoja. Ukiona kitundu kimoja safi, uko sawa. Ukiona vitundu vimetawanyika, kuna kitu kimelegea, na mara nyingi ni skrubu au mkanda wala si kihisi.

Makosa yanayowaumiza wengi

La kwanza ni nyaya. Ukizifunga nyaya za kihisi pamoja na za mota, kelele za umeme wa mota zitaingia na mashine itadhani imefika nyumbani ikiwa katikati ya kazi. Zitenganishe, zisokote pamoja zile tatu za kihisi, na uweke kapasita ya maikrofaradi 0.1 kati ya mguu wa volti 5 na wa hasi, karibu kabisa na kihisi.

La pili ni joto. Sumaku nyingi za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi. Usilehemu karibu nazo. Tumia gundi.

La tatu ni unga wa chuma. Mbao hazina neno, lakini ukikata chuma, unga wake utaganda kwenye sumaku kama ndevu. Ifunike na uisafishe.

La nne ndilo hatari zaidi. Waya wa jibu ukikatika, bodi itasoma "sumaku bado haijafika" na mota itaendelea kusukuma hadi ivunje kitu. Kabla ya kila kazi, pitisha sumaku nyingine kwa mkono mbele ya kihisi uone kama bodi inajibu. Na weka kitufe cha kukata umeme mahali unapoweza kukifikia bila kufikiria.

Kisha ziweke sumaku hizo ndogo mbali na watoto. Mtoto akimeza mbili, huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Hilo si la kungoja hadi kesho, ni la kukimbiza hospitalini.

Ukitaka kwenda mbele

A3144 hujibu ndiyo au la. Kuna ndugu yake, 49E, anayejibu "kiasi gani". Ukimpa volti 5 bila sumaku yoyote, hutoa takriban volti 2.5. Ncha moja ya sumaku hupandisha volteji hiyo, ya pili huishusha. Huyu anafaa kutengeneza kanyagio au usukani wa michezo ya kompyuta.

Halafu kuna AS5600, ambayo husoma pembe ya sumaku inayozunguka mbele yake na kuigawa katika sehemu 4,096 kwa mzunguko mmoja. Ukiifunga nyuma ya mota, utajua kama hatua imeruka. Ila sumaku yake si ya kawaida. Ile ya duara tunayoijua ina kaskazini uso mmoja na kusini uso wa pili. Hii inataka iliyogawanywa nusu kwa nusu, kaskazini kushoto na kusini kulia ya uso uleule. Wengi hununua isiyofaa, kisha hudhani kihisi ni kibovu.

Hata hiyo haikuondolei kazi ya kurudi nyumbani. Stima ikirudi, AS5600 itakuambia mota iko pembe gani, lakini haitajua ilizungushwa mara ngapi gizani.

Turudi kwa kinyozi

Sasa fikiria jioni ileile. Kabla hujaanza kazi, uliirudisha mashine nyumbani, ukapima kona ya mbao iko milimita ngapi kutoka sufuri, ukaandika kwenye daftari. Kwenye daftari, si kwenye kompyuta, maana hiyo nayo inaweza kuzima. Mbao umeifunga imara mezani.

Stima imepotea ukiwa herufi ya tano. Imerudi. Huna haraka. Unainua kisu kwanza, unapitisha sumaku mbele ya kila kihisi, vinajibu. Unaandika $H. Meza inasogea, inasimama, inarudi kidogo, inakaribia tena taratibu. Unaingiza zile namba za daftarini na kuiambia ianze herufi ya sita.

Kisu kinashuka mahali pake. Mteja akija atakuta kibao chake kimekamilika, na hatajua hata kama stima ilipotea.