MOTOKAA YAKO NA JOTO LA KASKAZI

Mkulima, kaskazi ndio wakati wa pesa. Korosho zaokotwa, maembe yajaza matenga, na gari la shambani halipati kupumzika. Lakini tangu Desemba hata Machi ndio wakati wa jua kali hapa Bodo, na injini nyingi huchemka njiani. Gari likikwama na shehena, maembe hayangoji. Na injini iliyoharibika yaweza kula mapato yako ya korosho ya msimu mzima. Yafaa basi ujue namna ya kulizuia jambo hili.

Kwa nini injini huchemka?

Moto wa petroli au dizeli hausukumi gari wote. Karibu theluthi moja tu ndiyo ifanyayo kazi. Theluthi nyingine hutoka na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huchukuliwa na maji mpaka kwenye rejeta, ikapozwe na upepo. Maji yakipungua, au upepo ukizuiwa, joto hukosa pa kwenda.

Chagua maji mema

Maji ya visima vilivyo karibu na mikoko huwa na chumvi. Usiyatie katika rejeta, wala usitie maji ya bahari. Chumvi hula chuma, na ukoko wake huziba vijia vyembamba vya rejeta. Wakati wa masika kinga maji ya mvua, uyaweke katika chombo safi chenye kifuniko. Bora zaidi ni dawa ya rejeta iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi: huzuia kutu, na hukawiza kuchemka. Lakini jihadhari, dawa hiyo ni sumu, na yaweza kuwa na ladha tamu. Iweke mbali na watoto, mbwa na mbuzi.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi

1. Tazama maji ya rejeta, uongeze yaliyopungua.
2. Pima oili. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yanaingia ndani. Usiwashe, mwite fundi.
3. Bonyeza mkanda wa feni. Uliolegea au kupasuka hauzungushi vema. Kama feni ni ya umeme na haizunguki injini ipatapo moto, angalia fyuzi.
4. Shika mipira ya maji. Iliyolainika au kutoa ufa, ibadilishe.
5. Ondoa mbegu za nyasi, wadudu na vumbi usoni mwa rejeta. Mwaga maji kutoka upande wa injini kwenda nje.

Uwapo njiani

Katika mchanga, kabla hujafika njia kuu ya Lunga Lunga, injini hufanya kazi nyingi na upepo ni kidogo. Usipakie kupita kiasi. Ukipanda mlima kwenda Kwale, tia gia ndogo mapema. Ukiwa katika foleni ya feri ya Likoni, zima injini.

Mshale wa joto ukipanda, zima kipoza hewa, ufungue hewa ya moto ya ndani. Utaona taabu, lakini joto la injini litapungua. Ukizidi kupanda, simama kivulini, uzime.

Usifungue kifuniko cha rejeta upesi! Maji yaliyobanwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka; ukifungua hugeuka mvuke mara moja na kukuunguza uso na mikono. Ngoja nusu saa au zaidi mpaka ipoe, kisha ufungue polepole kwa kitambaa kinene. Wala usimwage maji baridi katika injini yenye moto, kwani chuma chaweza kupasuka.

Dakika kumi za asubuhi na dumu moja la maji safi garini si gharama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.