Kuwasha na Kuzima Kiini cha Mfumo Endeshi

Swali la hatua za kuwaka na kuzimika kwa kompyuta watahiniwa wengi hulijibu kwa orodha waliyoikariri. Swali likigeuzwa kidogo na kuuliza "kwa nini hatua hii hutangulia ile?", orodha haiwasaidii tena. Katika sehemu hii tutajifunza hatua hizo pamoja na sababu zake. Ili tuzione vizuri, tutatumia mfano wa kiini cha Linux kinachowashwa na kuzimwa kama programu ya kawaida.

1. Kiini ni nini?

Kiini ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia kichakataji, kumbukumbu, diski na vifaa vingine. Kifikirie kama mtunza stoo wa shule. Mwanafunzi haingii stoo kujichukulia chaki. Huomba dirishani, naye mtunza stoo hutoa na kuandika daftarini. Programu nazo haziigusi diski moja kwa moja. Hupeleka ombi kwa kiini, na ombi hilo huitwa mwito wa mfumo.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu hugawanywa katika maeneo mawili. Eneo la kiini lina mamlaka yote juu ya maunzi. Eneo la mtumiaji ndimo zinamokaa programu zako, na hazina mamlaka hayo. Programu moja ikiharibika, kiini huifunga na nyingine huendelea. Kiini chenyewe kikiharibika, kompyuta nzima husimama.

2. Kompyuta halisi inavyowaka

(a) Umeme unapoingia, kichakataji huanza kusoma maelekezo ya BIOS au UEFI yaliyohifadhiwa katika chipu kwenye ubao mama. Hakiwezi kuanzia kwenye RAM, kwa kuwa RAM haihifadhi kitu umeme ukikatika.
(b) Maelekezo hayo hukagua maunzi, kisha hutafuta diski yenye mfumo endeshi.
(c) Programu ndogo ya kupakia, kwa mfano GRUB, huchukua kiini kutoka kwenye diski na kukiweka katika RAM.
(d) Kiini hujiandaa: hupanga kumbukumbu, huanzisha saa na ratiba ya michakato, na huanzisha viendeshi vya vifaa.
(e) Kiini hupachika mfumo mkuu wa faili, yaani huufungua ili faili zilizomo ziweze kutumika.
(f) Kiini huanzisha mchakato namba 1. Huo huanzisha huduma nyingine zote, hadi unapoona sehemu ya kuingiza jina na nywila.

Angalia (e) na (f). Mchakato namba 1 nao ni programu iliyohifadhiwa kama faili. Mfumo wa faili usipopachikwa kwanza, kiini hakina pa kuupata.

3. Kiini kinapokuwa programu

Linus Torvalds alitoa Linux mwaka 1991. Mwaka 1999 mhandisi Jeff Dike alianza kutengeneza toleo la kiini hicho linaloendeshwa ndani ya eneo la mtumiaji. Toleo hilo huitwa User-mode Linux, na mwaka 2002 liliingizwa katika msimbo rasmi wa Linux.

Hapa kuna viini viwili. Kiini cha mwenyeji ndicho kinachoshika maunzi ya kweli. Kiini cha mgeni ni faili ya programu, na huwashwa kwa amri kama hii:

./linux mem=256M ubd0=diski.img

Sehemu ya kwanza ni jina la programu, ambayo ndiyo kiini chenyewe. Ya pili inakipa kumbukumbu ya megabaiti 256. Ya tatu inakionyesha faili kitakayoitumia kama diski. Faili hiyo lazima iwe imeandaliwa mapema na kuwekwa mfumo wa faili ndani yake.

Sasa linganisha na hatua za hapo juu. Hatua (a) hadi (c) hazipo: hakuna BIOS, wala programu ya kupakia. Kiini cha mwenyeji ndicho kinachompakia mgeni, kama kinavyopakia programu yoyote. Lakini hatua (d) hadi (f) zinabaki zote. Mgeni hupanga kumbukumbu, hupachika mfumo wa faili na huanzisha mchakato namba 1 wake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kila kifaa kina mbadala:

- RAM yake ni sehemu ya kumbukumbu ya mwenyeji.
- Diski yake ni faili.
- Saa yake ni ishara zinazotumwa na mwenyeji.
- Skrini yake ni dirisha la maandishi.

Faida yake ni nini? Anayefanyia kiini marekebisho anaweza kukijaribu bila kuhatarisha kompyuta yake. Mgeni akianguka, mwenyeji huona programu moja tu imekufa. Na ukinakili faili ya diski kabla ya jaribio, unaweza kuiharibu na kuanza upya kwa ile nakala.

4. Kuzima kwa utaratibu

Kuzima si kukata umeme. Ni kufunga kazi kwa mpangilio, takriban kinyume cha kuwasha:

(a) Programu zote huombwa zijifunge, zikamilishe kazi zilizoshika.
(b) Zisizotii baada ya muda mfupi hufungwa kwa nguvu.
(c) Data iliyosubiri katika bafa huandikwa kwenye diski.
(d) Mifumo ya faili hupachuliwa.
(e) Kiini husimama. Katika kompyuta halisi, huamuru umeme ukatwe. Kwa mgeni, programu hufika mwisho na kumbukumbu yake hurudi kwa mwenyeji.

Kwa nini (a) na (b) zitangulie (c)? Kwa sababu programu inayoendelea kufanya kazi inaweza kuandika tena baada ya bafa kumwagwa, na data hiyo mpya ikapotea. Kwa nini (c) na (d) zitangulie (e)? Kwa sababu kiini ndicho pekee kinachojua ni data gani bado haijafika kwenye diski.

Bafa ni sehemu ya RAM ambamo kiini hukusanya data kabla ya kuiandika, kwa kuwa diski ni ya polepole kuliko RAM. Kwa hiyo kazi yako inaweza kuwa mahali patatu: katika kumbukumbu ya programu, ikiwa hujaihifadhi, katika bafa, ikiwa umeihifadhi sasa hivi, au kwenye diski. Umeme ukikatika ghafla, iliyo kwenye diski ndiyo unayoweza kuitegemea.

Mgeni anaonyesha jambo hili waziwazi. Ukimzima kutoka ndani kwa amri ya poweroff, hatua zote tano hufuatwa. Ukiiua programu yake kwa nguvu kutoka kwa mwenyeji, ni sawa na kung'oa waya wa umeme: bafa haimwagwi na mfumo wa faili haupachuliwi. Akiwashwa tena, mfumo wa faili huhitaji kukaguliwa au kurekebishwa. Mifumo kama ext4 huweka kumbukumbu ya mabadiliko, na hiyo huulinda mpangilio wa faili. Lakini haiwezi kurudisha data ambayo haikuwahi kuandikwa.

ZINGATIA: Kanuni ni hiyohiyo kwa flashi. Ukiichomoa bila kuiondoa kwa utaratibu, faili uliyoihifadhi dakika hiyo inaweza kuwa bado iko kwenye bafa. Katika mtihani wa vitendo, hifadhi kazi mara kwa mara, kisha ondoa flashi kwa utaratibu.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini mfumo wa faili hupachikwa kabla ya kuanzisha mchakato namba 1. (Alama 2)
2. Taja hatua mbili za kuwaka ambazo kiini kinachoendeshwa kama programu hakizihitaji, na utoe sababu. (Alama 3)
3. Mwanafunzi alihifadhi faili, umeme ukakatika papo hapo, na faili haikuonekana tena. Eleza kilichotokea. (Alama 3)

Mwongozo wa majibu

1. Mchakato huo ni programu iliyohifadhiwa kama faili (1). Haiwezi kusomwa kabla mfumo wa faili haujapachikwa (1).
2. Ukaguzi wa maunzi unaofanywa na BIOS (1) na kazi ya programu ya kupakia (1). Sababu ni kwamba mwenyeji amekwisha kuwaka na ndiye anayempakia mgeni (1).
3. Data ilikuwa katika bafa (1), ambayo ni sehemu ya RAM (1). RAM hupoteza data umeme unapokatika, kabla haijaandikwa kwenye diski (1).